Sungusungu wa Uani kwa Bibi

Nilitoka Tunduma, nikalala Dodoma, nikafika Singida mjini mchana, nikaunga basi la Kiomboi, na kipande cha mwisho nikakimaliza kwa bodaboda. Kihenge hakipo, bibi hayupo, uani kumeota majani. Nimesimama tu hapo, sungusungu akanichoma kifundoni. Nikacheka peke yangu. Rafiki yangu, hapo nilijua nimefika.

Sungusungu ni wale sisimizi weusi wakubwa, wanaonuka, wanaotembea kwa foleni. Ukiwachokoza husikika wakichachatika kama mafuta kikaangoni. Mwiba wao uko mkiani, na mguu huvimba hadi kesho yake. Lakini bibi hakuruhusu waguswe. Wakikatiza uani, tulibeba kuku na sufuria ya uji, tukakaa njiani hadi wapite. Walikuwa wakienda kuwinda mchwa, na mchwa ndio adui wa nguzo za kihenge chetu cha mtama.

Nikiwa darasa la tano, jirani alitukuta tumekaa njiani na kuku mapajani. “We kijana, mnahamishwa na wadudu?”

Niliona haya. Siku sungusungu waliporudi, bibi yuko kisimani, nikawamwagia majivu ya moto. Hawakuonekana tena. Kabla ya mvua, nguzo mbili zikawa vumbi ndani kwa ndani, kihenge kikalala ubavu, chakula chetu cha mwaka kikamwagika mchangani. Tuliokota tukipepeta siku tatu, jirani naye akisaidia. Nilipokiri, bibi hakunichapa.

“Umefukuza walinzi,” alisema. “Haya, leta mkeka ulale wewe chini ya kihenge.”

Nililala hapo wiki nzima. Mvua zilizofuata, foleni ikatokea tena. Bibi akapiga vigelegele. Jirani akaja na kigoda chake, akakaa nasi njiani.

Nilipomaliza kidato cha nne nikaaga. Lori lilikuwa linapiga honi barabarani, na foleni ikirudi kutoka mawindoni ikatukatia njia. Bibi akanishika mkono, tukangoja.

“Unamwona yule? Mguu umekatika, wenzake wamembeba. Na wewe ukiumia huko, usione haya kurudi.”

“Sawa, bibi.”

Honi ikalia tena. Hakuniachia mkono mpaka wa mwisho alipopita. Ndipo nikavuka.