Kiti cha Nyuma

Juzi, pale Izia, niliona vespa kuukuu imeegeshwa nje ya duka. Niliitazama kidogo, nikaendelea na safari yangu. Sikuhisi kitu.

Mama alikuwa mkunga, na vespa ya nyumbani ilikuwa yake. Siku ya mazishi yake mimi niliachwa kwa bibi, kijijini Mwazye. Niliporudi, watu wazima waliniambia mama amepumzika, nami nikaelewa hivyo hivyo, kwamba akishapumzika atarudi.

Kwa hiyo mchana mmoja baba alipoitoa vespa uani, nilijua tunamwandalia. Bodi yake baba alishaipaka rangi ya bluu jana yake, na harufu ilikuwa bado kali. Mimi nilisugua kutu kwenye rimu kwa msasa hadi vidole vikawaka. Baba alisafisha kabureta kwa petroli, akafunga kiti cha pili nyuma, kisha akapiga kiki. Ikakohoa. Akakaza skrubu kidogo kidogo mpaka mngurumo ukatulia.

"Hiki kiti changu, baba?"

Aliizima, akaanza kukifuta kiti kwa kitambaa.

Jioni alikuja mwalimu mmoja na mkewe, akamhesabia baba noti za kuinunua vespa. Niliwaamkia shikamoo, mke wa mwalimu akaitikia huku akipanda kiti cha nyuma. Wakaondoka nayo.

"Sasa mama akirudi atapanda nini?"

Baba alichuchumaa mbele yangu, mikono imejaa grisi. "Mama harudi, mwanangu. Alikufa."

Nilimwuliza kama naweza kwenda kunawa. Akasema nenda. Nikanawa taratibu, kidole kimoja kimoja, mpaka sabuni ikaisha.