Njugu za Mwaloni Si Korosho

Mtakaosoma, mnivumilie. Herufi zangu zinalala upande na tahajia sina hakika nayo. Niliishia darasa la saba, na huandika polepole.

Kwetu Masasi nilikua nikichoma korosho. Moto huondoa ubaya wote wa ganda, kisha mtu anazila. Mwaka jana nilikuja kukaa na shangazi hapa Adelphi, ughaibuni. Nyuma ya nyumba zetu kuna miti ya mwaloni, na majani yalipoanza kuanguka, njugu zake zilijaa chini. Kindi walizila mchana kutwa. Nikasema, kumbe hizi ndizo korosho za huku.

Nikazichoma kwenye sufuria. Zilikuwa chungu, nikatia sukari. Nilikula nyingi, siku baada ya siku, kila nikirudi kutoka kazini kwangu kwa dobi.

Kwanza tumbo lilikaza. Choo kikakataa, na niliona haya kusema. Halafu nikaanza kutapika. Mkojo ukawa haba, kisha ukakatika. Shangazi alinikuta nimejikunja kwenye sakafu ya bafu. Akanipeleka hospitali, na njugu chache akazitia mfukoni mwa koti lake.

Daktari alizigeuza kiganjani, akasema na shangazi. Shangazi akanitafsiria: "Anasema zina ukakasi unaokaza utumbo na kuumiza figo. Sasa tunangoja mkojo. Usipotoka, figo zako ziko hatarini."

Nikawekewa dripu. Mkojo wangu ulingojewa kama bibi harusi. Ulipotoka ulikuwa kidogo, mweusi kama chai ya rangi, lakini shangazi aliubeba mkebe wenye mkojo huo kwa mikono miwili.

"Alhamdulillahi," akasema. "Kindi wangu amekojoa."

Niliporudi nyumbani, jirani yetu Mama Beya, Mkongomani, alikuja kunipa pole. Alicheka kwanza.

"Mihogo ya uchungu, kwenu munakulaka bila kuloweka? Hii uchungu haiogopi moto, mama. Inaogopa maji."

Akanionyesha. Zenye tundu la mdudu na zilizoelea tulizitupa. Tukamenya, tukatwanga, tukaloweka. Tukamwaga maji ya kahawia, tukatia mengine, tena na tena, mpaka tulipoonja unga tukaona uchungu umekwisha. Ndipo tukapika uji. Shangazi alikaa mbele yangu akinitazama nikimeza kijiko cha kwanza. Kisha akachukua chake.

Damu yangu imepimwa tena na figo ni nzima. Namshukuru Mungu, na shangazi, na Mama Beya. Ndugu zangu, kitu kikiwa kichungu msikifiche kwa sukari. Na choo kikikataa, semeni mapema.

Wewe unayejua kitu kingine cha miti ya huku kinacholika, na namna ya kukitayarisha, niandikie. Ukikosea herufi, mimi sitacheka.