Mwanga wa Katikati

Ipo siku moja ya miaka ya tisini ambayo haijanitoka, mwanangu. Shule za watu binafsi zilikuwa zimeanza kuchipuka, na moja ya Tegeta iliniita kufundisha somo la majaribio. Tegeta ya wakati ule, nyumba za kuhesabika na mikorosho tele! Nikifaulu, ningeajiriwa, nikishindwa, ningerudi Mtoni kuuza mitumba na kaka yangu.

Nilichagua galaksi za duaradufu, yale makundi makubwa ya nyota yenye umbo la yai. Nikachora ubaoni moja ya mviringo na nyingine bapa, nikatamka kwa sauti ya mjuzi, "Hii bapa inazunguka kwa kasi. Ndiyo maana ni bapa."

Mkuu wa shule, mzee mpole aliyekaa dawati la nyuma, akauliza, "Una hakika, kijana?"

"Si umbo linaonekana, mzee?"

Hakubishana. Alituongoza sote hadi jikoni, ambako Bi Zuhura, mpishi wa shule, alikuwa akipepeta mchele, akamwomba auzungushe ungo. Pumba zikajikusanya katikati.

"Mwalimu mgeni, kwenu mnakula mchele na pumba zake?" Bi Zuhura akanitania kwa jinsi nilivyoukodolea macho ungo. Wanafunzi wakaangua kicheko.

"Huu ni mfano tu: mzunguko tumeujua kwa rundo la katikati, si kwa umbo la ungo," mkuu akasema. "Siku hizi wataalamu wanapima mwanga wa katikati. Ukizidi kupanda hadi kwenye kiini, mara nyingi galaksi hiyo inazunguka. Zile kubwa ambazo mwanga wake umelala katikati kama uwanja tambarare, nyingi hazizunguki sana, hata zikiwa bapa kidogo. Umbo peke yake hudanganya. Haya, wasahihishie."

Neno "nimekosea" sikulitamka. Nikasema kitabu changu kilikuwa cha zamani.

Mkuu alinisindikiza hadi getini. "Kutojua si kosa," aliniambia taratibu. "Lakini watoto hawa watajifunza kwako hata namna ya kukosea."

Kazi sikuipata. Niliuza mitumba miaka miwili kabla ya kupata darasa jingine, huko Temeke. Wiki ya kwanza nikakosea hesabu ubaoni. Nikaifuta, nikasema, "Jamani, nimekosea." Hakuna aliyecheka. Binti mmoja alifuta ya kwake pia daftarini.

Mwanangu, asiyekubali kushindwa si mshindani. Usihukumu kitu kwa umbo lake, chungulia kiini. Na ukikosea, kiri mapema, wala usimsingizie kitabu. Mola akujaalie jicho pevu na moyo mwepesi, na elimu yako iwafae wenzako.