Julai ya Bwana Castory

“Shangazi, roho imepoa?”

Nilimuuliza hivyo ndani ya bajaji, tukitoka Mkonze kwenye sherehe ya Bwana Castory. Nilikuwa darasa la sita, vidole bado vinanukia pilau. Shangazi Evarista hakunijibu. Alikumbatia mkoba wake, akawa anatazama mgongo wa dereva kana kwamba pameandikwa kitu pale. Nikajua nimegusa pabaya, nikanyamaza. Ila kunyamaza si kuacha kujiuliza, na swali hilo nimelibeba hadi sekondari.

Shangazi ni dada yake baba. Ninaishi naye mjini kwa ajili ya shule. Baba na mama wako Hombolo. Shangazi ana ofisi ndogo ya safari Barabara ya Nane, juu ya duka la vitenge. Anahudumia mahujaji wa Yerusalemu na wa Makka, wanafunzi wanaokwenda China, maofisa wa semina. Lakini anachokipenda kuliko vyote ni meli. Mimi mwenyewe hilo lilinishangaza nilipokuja kwake. Mgogo wa Mvumi, aliyekua akifukua mchanga wa korongo ili apate ndoo ya maji, anajua meli ipi inaingia bandari ipi, mwezi gani, huko kwenye nchi za barafu. Alisomea utalii Arusha, kisha akafanya kazi Dar es Salaam kwenye kampuni iliyouza safari za melini. Alipofungua ofisi yake Dodoma alikuja na ujuzi huo. Wateja wa meli hapa ni wachache, ila wapo.

Ana desturi moja kazini. Mteja akishakaa tu, kabla ya tarehe na kabla ya bei, anamuuliza: “Unaenda kuona nini?” Anasema watu huchagua meli kama wanavyochagua ukumbi wa harusi, kwa ukubwa na mapambo, halafu wanafika huko wanashangaa walichokifuata hakipo. Nimemsikia akimzuia mstaafu mmoja aliyetaka kwenda kuona pengwini mwezi wa sita, kumbe huko kusini mwezi wa sita ni giza na hakuna meli ya watalii inayokwenda. Mzee wa watu aliondoka akimbariki.

Sasa Bwana Castory. Habari zake nilizipata kwa bibi kule Mvumi, maana shangazi mwenyewe hazisemi.

Zamani, shangazi akiwa binti, Castory alimchumbia. Mahari ilitolewa, ng'ombe wakafika zizini, kanisani wakatangazwa. Ikaja sherehe ya kumuaga kwao. Kwenye hizi sherehe zetu kuna ule mchezo kila mtu anaujua: bwana harusi mtarajiwa anafichwa katikati ya wageni, binti anapewa shada la maua, anaambiwa azunguke ukumbi amtafute mtu wake amvishe. Wageni wanampoteza kwa makusudi. Huyu anamwonyesha kule, yule anamwita huku, muziki unapigwa, watu wanacheka.

Bibi anasema shangazi alizunguka meza zote. Alifika hadi kwa wapishi nyuma, kwa sababu kuna mmoja alimwambia yuko jikoni. Akarudi. Mshereheshaji akapaza sauti kwamba binti huyu mvivu wa kutafuta, atamtunza vipi mume. Watu wakacheka tena. Akazunguka mara nyingine, shada mkononi, huku kaka yake Castory akiwa amemwinamia mshereheshaji anamnong'oneza. Muziki ukakatwa. Castory hakuwa amefichwa popote. Hakuja. Alikuwa Morogoro kwa mkuu wake wa kazi, na baada ya muda si mrefu alimwoa binti wa mkuu huyo, Debora.

“Hakuumia kwa kuachwa,” bibi aliniambia. “Wanaachwa wengi. Aliumia kwa kule kuzungushwa.”

Siku Castory alipoingia ofisini nilikuwa kwenye kiti cha pembeni nafanya hesabu za shule. Shangazi alikuwa na wateja wawili. Aliingia mwanamume mpana, suti nzuri, kitambulisho cha wizara shingoni, akiongozana na mwanamke mtaratibu mwenye sauti ya chini. Akamtazama shangazi, akacheka kwa sauti kubwa, akasema mbele ya wote, “Evarista. Kumbe bado uko mjini hapa. Hujaolewa tu mpaka leo?”

Shangazi akasema, “Karibuni mkae.”

Castory akaendelea kuwaeleza wale wateja kwamba wao wawili wanatoka mbali, kwamba huyu mama alitaka kuwa mke wake, mambo ya ujana hayo, yamepita. Mmoja wa wateja alijifanya anatafuta simu. Debora alikuwa anatazama sakafu. Nikamwamkia shikamoo, akaniitikia kama mtu aliyeokolewa.

Walikuwa wanataka safari ya meli kusherehekea miaka yao ya ndoa. Debora ndiye aliyeitaka. Alieleza taratibu kwamba tangu akiwa mtoto alitamani kushika theluji, na kwamba kwenye simu yake ana picha za zile taa za kijani zinazocheza angani usiku huko Norwei. Alimwonyesha shangazi. Shangazi akaishika ile simu akaangalia picha muda mrefu.

Nilikuwa nasubiri aulize swali lake. Hakuuliza.

Castory alikuwa ameshaamua kila kitu. Meli iwe kubwa kuliko zote, ile yenye ghorofa kama hoteli na mabwawa ya kuogelea, maana hawezi kwenda kupanda mtumbwi. Na safari iwe Julai, likizo yake inapotoka baada ya Bunge la bajeti. Hapo shangazi alifungua mdomo. Namshuhudia kwa hilo, alifungua. Alisema, “Kuhusu msimu...” na Castory akamkata.

“Evarista, mimi si wa kufundishwa baridi. Julai ni baridi. Hapa kwetu Julai unavaa koti mpaka mchana. Nilikwenda Johannesburg Julai, masikio nusura yadondoke. Huko juu si ndiyo zaidi? Wewe kata tiketi, mama. Hiyo ndiyo kazi uliyoipata.”

Shangazi akafunga mdomo. Akawasha kompyuta. Akawatafutia meli kubwa kuliko zote, na tarehe za katikati ya Julai.

Na kazi yenyewe aliifanya vizuri kupita kawaida. Viza zilitoka bila shida. Ndege ziliungana vizuri. Chumba cha melini aliwapatia chenye kibaraza. Hata bima aliwakatia ya maana. Walipoondoka, Castory alikuwa amenunua makoti mazito, kofia za manyoya na glovu, amepiga navyo picha uwanja wa ndege akazituma kwenye kundi la simu la wizara yake yote. Jioni ile nilimuuliza shangazi kama Norwei Julai si kiangazi, kwa sababu mwalimu wetu alitufundisha kwamba sisi tukiwa na kipupwe, wao kaskazini wana joto. Akaniambia niende nikasonge ugali.

Waliporudi, Castory aliandaa sherehe nyumbani kwake Mkonze. Turubai, viti vya plastiki, ng'ombe mzima, mvinyo wa Dodoma kwa wanaokunywa. Alimwalika na shangazi. Nadhani alitaka aone nyumba. Shangazi alivaa kitenge kipya, akasuka nywele, tukaenda.

Baada ya kula, ukutani pakatandikwa shuka jeupe, projekta ikawashwa. Watu wa ofisini kwake walikaa mbele. Alikuwepo pia Mzee William, Mhehe wa Iringa, mtani wa Wagogo, na mnajua mtani akikaa mbele hakuna aliye salama.

Picha ya kwanza: Castory kwenye sitaha, shati la mikono mifupi, makwapa yamelowa jasho. Nyuma yake maji, na milima ya kijani.

“Mkwe,” Mzee William akasema, “hilo si bwawa la Hombolo?”

Watu wakaangua kicheko. Castory akacheka nao. Picha ya pili ilikuwa na watoto wa Kizungu wanaogelea. Ya tatu, Debora anakula askrimu, ameshika koti lake zito mkononi. Mtu akauliza theluji iko wapi. Castory akawaonyesha kilele cha mbali chenye weupe kidogo. Mzee William akasema hata Kilimanjaro tunao weupe huo, na nauli yake ni ya basi.

Halafu wakauliza zile taa za usiku. Castory akajifuta paji la uso. Akasema taa hazikuonekana kwa sababu usiku haukuingia. Akabonyeza picha nyingine, jua limetulia juu ya bahari, akasema hii ilipigwa saa sita ya usiku.

Mzee William akarudia kwa upole kabisa, “Saa sita ya usiku.”

“Saa sita ya usiku.”

“Na hilo linalowaka hapo ni nini, karabai?”

Sijawahi kusikia watu wazima wakicheka vile. Wanawake waliegemeana. Vijana wa ofisini kwake walikuwa wameziba midomo, mabega yanatikisika. Castory alisimama mbele ya lile shuka, jua la picha linamwangaza nusu ya uso, anaapa kwamba jua la huko halizami, anaapa kwa jina la mama yake, na kila alivyozidi kuapa walizidi kucheka. Wakamwambia aseme tu alikuwa Mwanza kwa shemeji.

Na alikuwa anasema kweli. Mimi nilijua, shangazi alijua. Kule juu, wakati huo wa mwaka, jua halizami.

Ndipo akamwona shangazi. “Evarista,” akasema, na sasa sauti haikuwa ile ya ofisini. “Wewe ndiye mtaalamu wa mambo haya. Waambie.”

Kila mtu akageuka. Shangazi aliweka glasi chini. Sentensi moja tu ingetosha kumtoa pale.

“Mimi nilikata tiketi,” akasema. “Sikuwepo.”

Kicheko kilichofuata nadhani kilisikika hadi barabara ya lami. Castory akaizima projekta yeye mwenyewe. Nilimtazama shangazi. Hakuwa anacheka, lakini uso wake ulikuwa umenyooka, kama mtu aliyetua mzigo. Sitasema uongo, mimi nilifurahi. Nilimwona yule mtu amesimama peke yake mbele ya watu, nikasema moyoni, na wewe zunguka.

Tulipokuwa tunanawa ili tuondoke, Debora alikuja na birika la maji. Alimmiminia shangazi mikononi taratibu.

“Dada, theluji ipo miezi gani?”

Shangazi akasugua vidole. “Februari. Machi pia.”

“Ulijua.”

“Nilijua.”

Debora akaendelea kumimina mpaka maji yakaisha. “Mimi sikukukosea kitu,” akasema, akaenda kuhudumia wengine.

Hapo ndipo tulipopanda bajaji, nami nikauliza swali langu.

Miaka imepita. Castory mpaka leo wizarani kwake wanamwita Saa Sita. Si mbele yake, lakini anajua. Nasikia aliomba uhamisho, na jina likamtangulia huko alikohamia. Mimi niko kidato cha tatu. Likizo hii ya Desemba, nikiwa ofisini kwa shangazi, mlango ulifunguliwa akaingia Debora, peke yake.

Nilidhani amekuja kugomba. Alikaa, akaweka mkoba mezani, akasema anataka kusafiri tena, yeye na mdogo wake wa Morogoro. Hakumtaja mumewe, na shangazi hakumuulizia. Shangazi alisogeza kompyuta pembeni kabisa.

“Unaenda kuona nini?”

Debora akasema, “Kilekile.”

Wakakaa hadi mchana. Shangazi alimweleza kwamba asiende Desemba, kwa sababu juu kabisa jua halichomozi, ataona taa lakini milima hataiona. Aende mwishoni mwa Februari, theluji imeshuka hadi gatini, na mchana na usiku vimeanza kugawana. Aachane na meli ya ghorofa nyingi. Kuna meli ndogo zinazopita karibu na pwani mwaka mzima, zinabeba mizigo na wenyeji, zinatia nanga kwenye vijiji vidogo ambavyo meli kubwa haziwezi kufika, na taa zikitokea usiku mabaharia huwaamsha abiria. Chumba achukue cha katikati, ghorofa za chini, ambako meli haiyumbi sana, maana bahari ya msimu ule ina hasira. Viatu vyenye meno ya chuma kwa ajili ya barafu atanunua hukohuko. Alimwonyesha hata upande wa meli wa kukaa wakati wa kwenda kaskazini. Sijawahi kumwona akimchagulia mtu hivyo. Alikuwa kama anamfungashia binti yake.

Debora alipoinuka walishikana mikono, wakakaa nayo kidogo. Hakuna aliyeomba msamaha kwa mdomo. Akaondoka, viatu vyake tukavisikia hadi mwisho wa ngazi.

Shangazi akabaki anatazama mlango. Nilikuwa sijauliza kitu.

“Lile swali lako la kwenye bajaji,” akasema.

“Ndiyo, shangazi.”

“Haikupoa.” Akavuta kompyuta, akaanza kuandika tarehe za Debora. “Na Castory akija hapa kesho, nitampa Julai tena.”