Landrova Iliyosikika Hadi Kanisani

Kuna harufu moja ambayo hadi leo hunisimamisha popote inaponikuta: harufu ya chuma kinapochomelewa, ule moshi mkali unaokaa kwenye meno kana kwamba umelamba betri. Juzi nilikuwa napita nje ya gereji moja huko Njiro, na haraka zangu za utu uzima, nikajikuta nimesimama getini natabasamu peke yangu. Fundi akaniuliza kama nimepotea. Sikuwa nimepotea. Nilikuwa na miaka kumi, nimekaa juu ya tairi bovu pale Sokon One, namtazama mama yangu akimwamuru fundi aharibu gari.

Gari lenyewe lilikuwa Landrova kuukuu, ya kijani kilichopauka. Baba aliinunua mnadani miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa na kila mwenye miguu miwili akawa mfanyabiashara. Kwetu ni juu ya Sekei, njia inapopanda kuelekea Mlima Meru katikati ya migomba na kahawa. Baba na Mama walikuwa wakishusha kabichi na viazi hadi sokoni mjini. Baba ndiye aliyemfundisha Mama kuendesha. Watu walicheka weee, mwishowe wakazoea.

Kisha Baba akafariki, na kaka yake, baba mkubwa Lomayani, akabaki na ufunguo wa pili. Mama aliuomba kwa adabu, mara ya kwanza na ya pili. Baba mkubwa alijibu kwamba gari ni mali ya ukoo, tena mwanamke mwema hasikiki hadi barabarani. Mama akiwa shambani, yeye alikuja akaondoka na gari bila mtu kusikia, kwa kuwa Baba alikuwa amelitunza hata likanguruma kama paka aliyeshiba. Safari ya kwanza lilirudi halina mafuta. Safari ya pili lilirudi na matairi yasiyokuwa yetu, vipara vitupu. Halafu tukasikia kwamba anatafuta mnunuzi.

Siku iliyofuata Mama alinipakia mbele, tukashuka hadi Sokon One kwa fundi Elifasi, Mkibosho mmoja mpole aliyekuwa akimtengenezea Baba.

"Toa sailensa," Mama alimwambia. "Nyoosha bomba la moshi, litoke bila kizuizi."

Fundi alifuta mikono yake polepole. "Mama Nai, watu wananiletea magari niyanyamazishe. Wewe unataka lipige kelele?"

"Ndiyo."

"Kama shida ni shemeji yako, nikubadilishie swichi tu. Ule ufunguo wake hautafaa kitu."

"Ukibadilisha swichi, nitajua mimi na yeye," Mama alisema. "Mimi nataka wajue wote."

Fundi Elifasi aliingia chini ya gari na msumeno wa chuma, akalikata lile kopo refu lililoota kutu, akachomelea bomba nyoofu mahali pake. Alipowasha, kuku wa jirani waliruka ua. Mimi niliziba masikio. Mama hakuziba.

Niwaambie ukweli: niliona aibu. Landrova ikipanda mlima sasa ilinguruma kama radi iliyokosa mvua. Shuleni mwalimu aliacha kuandika ubaoni mpaka ipite, na wenzangu wakaniita Nai Trekta. Nililia, nikamwomba Mama airudishe ilivyokuwa. Alinifuta machozi kwa ncha ya kanga, akaniambia, "Vumilia, mwanangu. Wajifunze sauti yetu kwanza." Wakajifunza. Baada ya wiki chache, hata vikongwe wa kule juu walijua kwamba Mama Nai anashuka, kabla hajafika kona ya pili.

Ikafika Jumapili moja. Tulikuwa kanisani, mchungaji yuko katikati ya mahubiri, madirisha ya mbao yamefunguliwa kuingiza hewa ya asubuhi. Ghafla, kutoka upande wa nyumbani kwetu, gari likakohoa, likakohoa tena, likanguruma. Kila kichwa kikageuka kumtazama Mama, ambaye alikuwa ameketi pale pale kwenye benchi lake.

Mama akafunga kitabu cha nyimbo, akanishika mkono, akasimama.

"Samahani, mchungaji," alisema. "Nimeitwa."

Tulitoka. Nyuma yetu nikasikia benchi likilia. Koko Nasinyari, bibi kizee aliyetembea kwa mkongojo, alikuwa ameinuka. Kisha mwingine, na mwingine, hadi upande wote wa wanawake ukawa mtupu. Njia ya kutoka kwetu ni moja tu na inapita chini ya kanisa. Wakasimama katikati yake na nguo zao za Jumapili, vumbi jekundu likipanda kwenye viatu.

Landrova ilishuka, ikafunga breki mbele yetu. Baba mkubwa alikuwa kwenye usukani, na pembeni yake bwana mmoja wa mjini, shati jeupe pee.

"Shemeji, tupisheni njia!" alipaza sauti.

"Zima gari, shemeji. Hatusikilizani."

Akazima. Mama akamgeukia yule bwana. "Baba, umeambiwa gari hili ni la nani?"

"La marehemu mdogo wake."

"Na marehemu hakuacha mtu?"

Yule bwana alinitazama, akawatazama akina mama waliojaa njiani, akafungua mlango. "Mimi nilikuja kununua gari," alisema. "Sikuja kununua kesi." Akashuka kwa miguu kuelekea Sekei, shati lake likizidi kubadilika rangi kwa vumbi.

"Unaniaibisha mbele ya kanisa?" Baba mkubwa alifoka.

"Mimi nilikuwa nimekaa kimya ndani," Mama alisema. "Aliyepiga kelele ni wewe." Akanyoosha kiganja.

"Mpe," alisema Koko Nasinyari.

Akampa ufunguo. Miaka miwili baba mkubwa hakujibu shikamoo yangu, lakini hakuja tena. Landrova ile ilinisomesha hadi nikamaliza sekondari, na sailensa Mama hakuirudisha kamwe.

Muda mrefu niliamini kwamba wale wanawake walitoka kwa ajili ya gari letu. Siku tulipomzika Koko Nasinyari, nikiwa tayari mtu mzima, Mama alinisimulia mengine. Koko alipofiwa na mumewe, shamba lake la kahawa lilipimwa na kugawanywa kesho yake, yeye akiwa jikoni anawachemshia chai hao hao waliokuwa wanapima. Aliyesimama wa pili siku ile, cherehani yake ilibebwa wakati yuko matangani. Wa tatu alipoteza ng'ombe wawili, na alipouliza akaambiwa anyamaze kwa heshima ya marehemu. Wote walikuwapo wakati vitu vyao vinaondoka, na hakuna hata mmoja aliyetoka nje.

Jumapili ile walikuwa wamechelewa miaka mingi. Lakini walitoka.