Papa Kasonia, Mwenye Liste ya Rughenda

Papa Kasonia alichunga liste ya basafiri pa Rughenda, kiwanja cha ndege cha Butembo, miaka kenda. Mbele ya ile kazi alipimia bafanyabiashara ba Butembo kahawa, na mizani ya kahawa ndiyo alipeleka pa kiwanja. Kila musafiri alipanda juu yake na mizigo yake, hata bamama ba kanisa, na yeye aliandika uzito bila kucheka.

Sheria yake ilikuwa moja: ndege ikikawia, nafasi yako haipotei. Ukungu ufunge Rughenda siku mbili ao tatu, mwenye aliandikwa wa kwanza anabaki wa kwanza. Kila asubui alisoma majina kwa sauti, kama vile tunasoma litania, na kila mutu alijibu: "Niko."

Mwaka wa 2001 vita ilikata barabara ya Beni. Batu balichinjwa mu magari. Donc hata kwa kufika Beni, dakika makumi mbili tu ya kuruka, batu balitafuta ile ndege ndogo ya nafasi sita.

Mama Kyakimwa alikuwa namba tano. Risasi ilimuingia mu paja akiwa shambani, na kidonda kilikuwa kinanuka. Munganga alisema asipopasuliwa Beni ile juma, atakufa. Balimulaza juu ya kipoyi, kitanda cha kubebea bagonjwa, karibu na mizani. Namba sita ni Muyisa, muuza chumvi; bibi yake alikuwa amezaa kule Beni, na yeye hakuona mutoto bado.

Ndege ilikawia siku mbili. Siku ya tatu ikashuka, na nyuma yake ikafika jeep ya basoda, batu ba vita na bunduki zao. Komanda Jéthro akatoka.

"Wewe muzee, vieux, niandike. Ule mwenye kunuka, umufute."

"Mukubwa, nitakuandika namba saba."

"Namba saba inapanda?"

"Hapana, mukubwa. Inapanda kesho."

Muyisa akacheka. "Sisi tulikawia siku mbili, mukubwa, na hatukukufa."

Soda moja akamupiga Papa Kasonia na kitako cha bunduki mu meno. Akaanguka. Bakakanyaga mukono wake wa kuume mupaka vidole vikavunjika, mutu akasikia kama kuni kavu. Komanda akapasua liste, akatupa vipande juu ya Mama Kyakimwa.

"Sasa liste iko wapi?"

Hapo Papa Kasonia akafanya ile neno lilimutesa maisha yote. Akiwa chini, damu mu kinywa, akaanza kuita majina kutoka mu kichwa, moja kwa moja, kama kila asubui. Na batu, kwa mazoea, bakajibu. Niko. Niko. Mama Kyakimwa akajibu polepole.

"Muyisa."

Muyisa akasimama. "Niko."

Komanda akamupiga risasi mbili mu kifua.

"Hayuko tena," akasema. "Namba saba inapanda leo. Si ndiyo sheria yako, vieux?"

Basoda bakamuburuta Muyisa mu majani, damu ikafuata. Pilote akamubeba Mama Kyakimwa na kumukalisha. Goti kwa goti na ule muuaji, mama akafika Beni. Balimupasua siku ile ile, akaishi. Leo anauza mihogo pa Mulekera.

Papa Kasonia hakurudia pa kiwanja. Barabara ilipofunguliwa alienda Beni kwa Mama Mélanie, bibi ya marehemu.

"Balisema ni wewe ulimuita," mama akamuambia pale mulangoni.

"Ndiyo, mama. Ni mimi."

"Kama angenyamaza?"

"Ningesema namba sita hayuko. Tungeendelea na namba saba."

"Mais alikuwa mutu wa kujibu," mama akasema.

Akamutazama ule mukono ulipona vibaya. Hakumuletea kiti. Mais hakumufukuza pia. Akaingia, akatoka na mutoto, akamuonyesha kwa mbali. Papa Kasonia akabaki amesimama pale mupaka mutoto akalala.