Makadirio ya Behewa la Maparoni

Kibiti ukitaka kuhamisha kitu kizito, hukimbilii kwa mwenye lori. Unamtafuta kwanza Mudathiri. Mwenye lori atakuuliza una shilingi ngapi. Mudathiri atakuuliza mzigo umelalia upande gani. Ni mtu wa miaka hamsini na tatu, mfupi, shingo imezama mabegani kwa magunia ya mpunga aliyoyabeba ujanani, na ana jicho ambalo serikali ingelikodi kama macho yangekuwa yanakodishwa. Kuna mashine ya kukoboa aliyoikadiria kule Mbwara kwa kuizunguka mara mbili na kuipiga konde moja. Ilipopanda kwenye mizani ya barabarani alikuwa amekosea kilo kumi na moja, na hata hizo akasema ni mafuta ambayo fundi alisahau kumwaga. Toka hapo jina likawa Mudathiri Mizani, na karatasi yake ya makadirio haibishiwi.

Kazi za sehemu moja tu alikuwa haendi. Ukimtajia Maparoni, siku hiyo ana homa. Mkewe, Yasmini, alishachoka kuuliza. "Mume wangu ana malaria ya ramani," huwaambia majirani. "Akisikia jina la kijiji anatetemeka."

Safari hii homa haikusaidia kitu. Bi Waride, mama lishe wa stendi, alimfuata mpaka barazani, akaketi bila kukaribishwa.

"Nimenunua behewa," alisema.

"Behewa la nini?"

"La treni. Lile la Maparoni, la ushirika uliokufa. Kijiji kimeniuzia. Naliweka hapa kando ya barabara ya Lindi, natia meza na mapazia, abiria wanakula wali na samaki ndani ya treni. Reli hatuna, ila behewa tutakuwa nalo!"

Mudathiri hakucheka. Alikuwa anahisi kama mtu aliyeitwa jina lake kutoka kaburini.

"Kuna injinia kijana kanikadiria milioni tisa mpaka hapa," Bi Waride aliendelea. "Mimi ninazo kumi, nimeuza kiwanja changu cha Ikwiriri, sina pengine pa kuuza. Bamvua ni keshokutwa, wanataka maji makubwa yasukume tishari, lile boti bapa la mizigo, hadi karibu. Ila sisaini naye mpaka wewe ulione. Ukisema tisa inatosha, imetosha."

"Mimi leo nina homa, dada."

"Utapanda nayo kwenye boti. Homa hailipi nauli."

Basi asubuhi yake, kwenye boti ya kutoka Nyamisati, Mudathiri aliketi akiangalia mikoko inavyopita na kumkumbuka marehemu Faraji.

Ilikuwa masika ya mwaka tisini na saba. Yeye na Faraji walikuwa vijana wasio na mbele wala nyuma, na behewa lilikuwa limesimama pale ukingoni miaka na miaka, lililetwa kwa tishari zamani ili liwe ghala la mpunga. Halina reli, halina safari, ila lina magurudumu manne ya chuma kizito, na Dar es Salaam kulikuwa na mtu ananunua chuma kwa kilo. Kijiji kizima kilikuwa kwenye madungu mashambani kikifukuza ndege. Wakaja na jeki mbili za lori, wakainua, wakapanga magogo ya mkoko chini ya tumbo la behewa, wakachomoa ekseli mbili na magurudumu yake, wakaondoka nayo kwa mashua mchana kweupe. Fungu la Mudathiri lilitosha mabati ishirini na nne, ndiyo yaliyomwezesha kumwoa Yasmini.

Walipanga kurudi kuongeza magogo. Hawakurudi. Ikaja El Nino, mto ukatapika tope, tope likapanda mpaka kwenye tumbo la behewa na kukauka. Watu waliporudi waliona magurudumu yamezama. Hakuna aliyeuliza, kwa sababu hakuna anayeuliza miguu ya mtu aliyejifunika shuka.

Miaka ishirini na saba. Magogo ya mkoko ni magumu, ila si ya milele. Na chini ya ghala lile lenye uzito wa tani saba hakukuwa na kitu kingine.

Mudathiri na Bi Waride walipofika walikuta watu tayari wamekusanyika. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Sadallah, alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, hati ya mauzo mkononi. Vibarua kumi walikuwa na majembe na makoleo. Injinia Azan, kofia ngumu ya njano kichwani, alikuwa anawaelekeza upande wa mto. Walishachimba mtaro wa kina cha goti kando ya behewa.

Mudathiri aliutazama ule mtaro. Dhiraa moja zaidi na wangekuta gogo.

"Shikamoo mzee Mizani," alisema Azan, kwa heshima ya kweli. "Nimesikia habari zako. Mpango wangu ni mwepesi. Tunafukua magurudumu, tunalaza mbao, tunafunga winchi kwenye tishari. Chuma kinabingirika chenyewe mpaka majini. Ndiyo maana ni tisa."

"Na hati inasema hivyo hivyo," alidakia Mzee Sadallah, akaisoma kwa sauti ya msikitini: "Behewa moja, pamoja na magurudumu yake manne."

Mudathiri alilizunguka mara moja. Alilizunguka mara ya pili. Kutu ilikuwa imekula mlango, popo wamehamia darini. Watu wakamsubiri apige konde lake, kama wanavyosubiri imamu atoe salamu. Hakupiga. Aliogopa kulitikisa.

"Milioni kumi na nne na nusu," alisema.

Bi Waride akashika kiuno. "Kumi na ngapi?"

"Tope hili laini. Lisifukuliwe. Liinuliwe kwa jeki nane, pole pole, lipangiwe magogo mapya, litelezeshwe juu ya magogo. Siku tano, watu thelathini. Bamvua hii haiwahi, tungoje ijayo."

Azan alicheka, si kwa dharau, kwa kushangaa. "Mzee, magurudumu yapo. Yamezikwa, hayajafa. Kwa nini alipie kubebwa kitu chenye miguu?"

"Namuuliza na mimi," alisema Bi Waride. Sauti yake ilikuwa imeshuka, na Mudathiri akajua hiyo ndiyo mbaya. "Nani kakupa kitu, Mudathiri? Wenye jeki? Jana una homa, leo una bei. Nimekuleta hapa kwa sababu wewe huna bei ya pembeni."

Lilimwingia kama mwiba wa kambare. Miaka yote ile hakuwa amekula rushwa ya mtu hata mmoja. Kibao kilichomwangukia sasa kilikuwa cha kosa ambalo hakulitenda, kwa kuficha lile alilolitenda.

"Kuna nyoka chini," alijaribu.

"Nyoka wakiniona mimi wataomba kuhama," alisema Abdillah, kibarua mwembamba kama ufagio, baba wa watoto watatu na mdomo mmoja usiopumzika. Alikuwa ameshavua shati. "Injinia, lete mnyororo. Naingia nilipapase gurudumu, nilifunge, tumalize ubishi. Mzee Mizani alipwe soda arudi kwao."

Vijana wakacheka. Abdillah alilala kwenye mtaro, akaanza kukwangua tope kwa koleo fupi na kujipenyeza chini ya behewa. Kichwa kikaingia. Mabega yakaingia.

"Upo wapi?" aliuliza Azan.

"Nipo kwa shetani, hapa giza!" sauti ilitoka chini. "Ngoja... nimegusa kitu. Hiki si chuma jamani. Kama gogo."

Mudathiri alijua ni lipi. Upande ule wa mto magogo yaliwaishia, akaweka moja tu, Faraji akasema litashika mpaka warudi. Mengine yote yalikuwa upande wa nchi kavu.

Kisha ukasikika mlio. Mdogo tu, kama mtu anavunja muwa chumba cha pili. Popo watatu wakatoka mlangoni.

"Abdillah, toka," alisema Mudathiri.

"Bado, ngoja nilisukume kidogo..."

"Usiliguse! Toka! Hakuna magurudumu humo! Toka!"

Alikuwa ameshamshika miguu. Alimvuta kwa nguvu ile ile ya magunia, na Abdillah akatoka na tope mdomoni, kifua kimechubuka, akitukana ukoo wa mtu asiyemjua. Behewa likalalama mara moja zaidi, likatulia. Limeshuka kwa upana wa vidole viwili. Pale alipokuwa amelaza kichwa sasa kisingeenea tena.

Abdillah aliona. Akaacha kutukana.

"Hakuna magurudumu?" aliuliza Mzee Sadallah. "Umejuaje?"

Kabla Mudathiri hajajibu, Bi Waride alijibu kwa niaba yake. "Si ndiyo jicho lake hilo! Astaghafirullah, na mimi nimemtusi. Kaona mpaka ndani ya tope!"

Watu wakaguna kwa kustaajabu. Mlango wa kuponyokea ule hapo, umefunguliwa na mikono ya watu wengine. Ilikuwa kazi yake tu kupita. Angeinamisha kichwa kwa unyenyekevu, na Kibiti yote ingesimulia habari za Mizani anayeona chini ya ardhi.

Lakini Azan alishageuka kuwaambia vibarua, "Sawa, kama hakuna magurudumu, tunaweka jeki zetu upande huu huu wa mto, mtaro tayari upo." Na vibarua wakaanza kushuka.

"Si upande huo," alisema Mudathiri. "Huo una gogo moja, na ndilo limevunjika. Mengine yako kule, manne, mawili mawili, umbali wa hatua moja kutoka kona."

Azan akamtazama. "Hilo nalo ni jicho?"

"Hapana. Niliyapanga mimi." "Magurudumu niliyatoa mimi na marehemu Faraji, kabla ya El Nino. Tuliyauza."

Abdillah, labda kwa sababu ndiye aliyekuwa na haki zaidi, aliokota mtalimbo, akaenda pale ambapo gurudumu la mbele lilipaswa kuwepo, akausukuma kwenye tope kwa mshazari. Ukaingia. Ukaingia mpaka kwenye viganja vyake, na haukugonga kitu.

"Mwizi," alisema Bi Waride. Alilisema polepole, kama anajaribu kama linamtosha mtu huyu.

"Ndiyo, dada."

"Na ungeninyamazia."

"Nilikuwa nanyamaza mpaka mlio ule."

Mzee Sadallah alikunja hati. Alikuwa mtu mzima, na mwaka tisini na saba dungu lake lilikuwa nusu saa tu kutoka pale. "Ya kijiji tutakukalia Ijumaa baada ya swala," alisema. "Utakuja na mkeo asikie."

"Nitakuja."

"Leo umalize ya mwenye behewa."

Bi Waride alichomoa kalamu kwenye kanga yake na kumtupia. "Andika."

Mudathiri aliandika akiwa amechuchumaa, karatasi juu ya goti. Kumi na nne na nusu, kama alivyosema mwanzo. Hiyo haikuwa uongo. Chini yake akaandika: Magurudumu hayapo. Kilichozidi milioni tisa kinalipwa na Mudathiri, kwa kodi za vyumba viwili vya nyumba ya mabati, Kibiti, mpaka deni liishe. Akaweka sahihi, na jina lote, la kwake na la baba yake, bila Mizani.

Bi Waride alisoma, akasoma tena, akaikunja mara nne. Hakusema ameridhika.

"Jeki za kulishikiza lisianguke nani ataziingiza?" aliuliza Azan. Vibarua walitazamana. Hakuna aliyetaka kuwa chini ya lile behewa sasa, hata Abdillah.

Mudathiri alishavua shati. Mwili wa mtu mzima, mabega ya gunia. Alizunguka upande wa nchi kavu, akahesabu hatua moja kutoka kona, akaanza kufukua kwa mikono, kidogo kidogo, mpaka penye nafasi ya mtu.

"Mzee," alisema Abdillah nyuma yake, akishika kamba na kumfunga kiunoni, "nikivuta, usibishe."

Akaingia. Giza lilikuwa na harufu ya popo na tope la zamani. Juu yake chuma kilikuwa baridi na karibu sana. Akanyoosha mkono, akapapasa, akalipata gogo la kwanza. Lilikuwa gumu bado. Kidole chake kikatambaa juu yake mpaka kikaangukia kwenye alama ya shoka, pigo moja la mshazari, la mkono wa kushoto. Faraji alikuwa mashoto.

Akalala pale, akipumua pumzi fupi, akisikiliza kama kuna muwa unavunjika. Haukuvunjika.

"Leta jeki," alisema.